Kinyonga Aliyeomba Udongo

Kima mmoja alifuga vinyonga kizimbani, akitaka wazaane ili ajisifu kwa wenzake. Lakini kila jike aliyemfungia alikufa na mayai tumboni, naye hakujua sababu.

Jike wa mwisho akamwambia, "Bwana Kima, sisi hutaga ardhini. Humu umetuwekea sakafu ya mbao. Nikikosa udongo, nitakufa kama wenzangu."

"Ukifika chini utatoroka," Kima akasema.

"Mwendo wangu unaujua. Nitatorokea wapi usinikamate?"

Kima akacheka. Aling'oa mbao, kizimba kikakaa juu ya udongo laini, kisha akaketi kulinda mlango. Kinyonga akachimba taratibu mpaka akazama, na udongo ukaliziba shimo nyuma yake.

"Anataga," Kima akawanong'oneza majirani. "Msimsumbue."

Kinyonga akazidi kuchimba, akapita chini ya ukuta wa kizimba na kutokea vichakani. Huko akataga, akayafukia mayai yake vizuri, akapanda mti na kwenda zake.

Miezi ikapita, watoto wakaanguliwa na kutawanyika. Mmoja alikatiza kando ya mguu wa Kima, ambaye hakumwona kwa kuwa alikuwa akiulinda udongo mtupu.