Dumu la Maji ya Kisima

Tangu maji ya bomba yalegezwe ili yafike haraka, molekuli zake hazishikani tena kama zamani. Hayafanyi tone. Ukiyamwaga mezani yanatandaa na kukauka, na anayeyanywa kila siku akilia, machozi yanamtandaa usoni vivyo hivyo.

Lakini Tabora msiba bado una macho. Mjane asiyedondosha chozi husemwa mpaka arobaini ipite.

Maganga alipofariki, mama yake, Bi Kalunde, alivuta kutoka uvunguni dumu la maji ya kisima aliloficha miaka ishirini.

"Kunywa haya tu mpaka tuzike," alimwambia mkwewe, Nyamizi.

"Na wewe, mama?"

"Hayatoshi watu wawili. Mimi mzee, nani atanitazama?"

Makaburini machozi ya Nyamizi yalituama kwenye kope, yakavimba, yakadondoka moja moja juu ya kanga. Wanawake walimkumbatia. Wengine hawakuwa wameona chozi likidondoka tangu utotoni.

Ng'ambo ya kaburi alisimama Bi Kalunde, midomo ikimtetemeka, uso uking'aa kidogo kama uliopakwa mafuta. Hakuna aliyemsogelea.

Njiani kurudi, jirani alimshika Nyamizi mkono. "Wewe ulimpenda, tumeona. Mama mtu ndiye simwelewi. Mwanawe wa pekee, hata chozi."

Nyamizi alitaka kumweleza. Ila angeeleza, ingebidi alitaje dumu, na chozi lake nalo wangelitilia shaka.

"Ni uzee," alisema.