Mbio za Mtoto Mwingine

Umewahi kumwona mtoto ametulia mkekani anachambua mchele, mara akaanza kuhema kama aliyefukuzwa na mbwa? Basi mjukuu wangu Tunu ndivyo alivyo.

Alipasuliwa moyo mara tu baada ya kuzaliwa. Siku hizi watoto wote waliopasuliwa hivyo wanaongozwa na mtambo mmoja, na mapigo yao ni mamoja. Mmoja akikimbia, mioyo yote inakwenda mbio, hata ya vichanga waliolala wodini na nyuzi bado mbichi vifuani. Ndiyo maana tunawakataza. Tunu nimemlea akipanda ngazi taratibu, na akitaka kucheka anajifunika mdomo kwa upindo wa khanga yangu. Daktari anamsifu, anasema amekua vizuri, na shuleni yuko mbele.

Jana alasiri ungo ulimponyoka, mchele ukamwagika. Jasho likamtoka puani. Nikachukua kipepeo, nikampepea.

"Nani tena huyo?"

"Yule wa kila siku, Bibi. Mbio zake nazijua, anacheza mpira."

"Hana adabu! Kwani hana mama?"

Tunu alikuwa amefumba macho, anatabasamu.

"Amefunga bao," akasema.

Miaka yote hiyo nilidhani anaumia.

"Unataka nini, mke mwenzangu? Nikuletee maji?"

Akafumbua macho, akautazama mlango uliokuwa wazi.

"Nataka kesho nikimbie mimi, Bibi. Wao ndio waheme."