Kasuku Mwenye Sauti za Wote

Kisa hiki kilitokea mtoni, ambako Kiboko alikuwa mkuu na kazi yake ilikuwa kunguruma amri tu. Kwale aliwaamsha wanyama kila alfajiri, naye Mbweha aliwaonya hatari ikija. Siku moja akaja Kasuku, fundi wa kuiga sauti yoyote, tena hadai ujira. Papo hapo Kiboko akawafukuza wale wawili.

Kwale alishinda kichakani na vifaranga wake, hajui atawalisha nini. Mwisho akamwendea Kasuku.

"Ndugu yangu, sauti yangu unaiweza, ya Mbweha unaiweza. Ya Mkuu je?"

"Hiyo ndiyo rahisi kuliko zote," akajibu Kasuku. "Haina hata maneno mengi."

"Basi mbona hajafukuzwa?"

Kesho yake Kasuku akapanda mtini, akanguruma kama Kiboko: "Kwale na Mbweha warudi kazini leo hii!"

Wanyama wakashangilia. Kiboko akakurupuka majini, macho yamemtoka. "Jamani, si mimi niliyesema! Mkuu ni mimi!"

"Hebu nyamaza, bwana," Kwale akamkemea. "Humsikii Mkuu anaongea?"