Taa ya Ndugu Mkaguzi

"Fungeni mlango! Na hilo dirisha lizibeni kwa gunia. Nataka giza tupu!"

Ndugu Gasto alisimama katikati ya ghala la kijiji cha ujamaa, nje kidogo ya Sepuka, taa mkononi. Ukaguzi wa almasi alijipa mwenyewe. Hakuna ofisi iliyomtuma. Alikuwa mfagizi mgodini huko Shinyanga, akafukuzwa, akaondoka na taa ya zambarau isiyo yake pamoja na elimu kidogo: baadhi ya almasi, ukizimulika gizani kwa taa ile, huwaka bluu. Chupa na mawe ya kawaida hubaki yamezubaa tu.

Alikuwa amemwapia mpenzi wake, Selina wa Kiomboi, kwamba harudi bila almasi. Selina naye akamjibu kuwa Pasaka ikipita, anakubali posa ya dereva wa basi. Na Pasaka ndiyo hiyo inakuja, betri za taa nazo zinakata roho.

"Ndugu wananchi," akatangaza, "jiwe likiwaka hapa, ni bandia. Tena lina sumu! Liacheni, serikali italizika. Lisilowaka ndilo almasi, nendeni nalo nyumbani."

Watu wakapiga makofi. Uongo huo aliutunga njiani, ukampendeza mpaka akacheka peke yake kama chizi.

Basi mawe waliyookota mashambani yakapita mbele ya taa, moja baada ya jingine, yote yamezima. Mzee Damiani akakumbatia kokoto lake, akaanza kuwagawia watoto urithi papo hapo. Kijiji kizima kilikuwa tajiri. Gasto alitamani kulia.

Ikafika zamu ya Bibi Theodora.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu."

Akafungua pindo la kanga. Kanga ikamponyoka, mawe yakamwagika, yakabingirika mpaka kwenye magunia ya mtama. Gasto akamulika sakafuni.

Lahaula! Kando ya gunia kitu kiliwaka, bluu yenye ukijani, kikali kuliko almasi yoyote aliyowahi kuiona mgodini.

"Hilo si langu," bibi akasema.

"Usiogope, bibi. Hakuna atakayekufunga."

"Silo langu, nakwambia. Liache."

"Rudini nyuma wote! Sumu hiyo!"

Akazima taa wasimwone, akalizoa kwa leso haraka haraka, akalisokomeza mfukoni mwa suruali. Dereva wa basi shauri yake! Aliiona harusi, aliwaona wakwe, alimwona Selina anacheka.

Alikuwa keshaushika mlango alipohisi almasi inampanda pajani.

"Si nilikwambia silo langu?" Bibi Theodora akasema gizani, akipapasa sakafu kukusanya mawe yake. "Yangu hayana mkia wenye mwiba."