Kidonge cha Wifi

Sheria ilikuwa moja kwa wote: dawa haiingii kinywani mwa mtu kabla haijaonjwa na mnyama wake. Kompyuta za wizara zilitazama protini zako, ipi inashikana na ipi, zikalinganisha na za wanyama wote, kisha zikakuchagulia wa kufanana naye. Bi Mwanahawa wa Morogoro alipewa panya buku jike. Akamwita Wifi, maana alikula vya watu bila asante, na akampenda hivyo hivyo.

Kidonge cha moyo kilipofika, Wifi alikuwa mzee wa kutetemeka. Bwana afya Lwitiko akafungua tundu.

"Aanze yeye, mama. Wewe baada ya siku arobaini."

"Kitamuua!"

"Ndiyo maana anaanza yeye."

Bi Mwanahawa akamnyang'anya kidonge, akakimeza bila maji, akaachama ili aone. "Haya, andika! Katika nyumba hii hafi mtu kwa niaba yangu."

Lwitiko hakugomba. Alibonyeza kifaa chake, akasoma, kisha akapiga magoti mbele ya tundu.

"Ulinganisho ni ule ule, ukianzia kwa mtu au kwa panya," alisema, sasa akimtazama panya. "Shikamoo, bibi. Mnyama wako amekuonjea dawa. Tutampima kila Jumatatu."

Akatoa futi, akaanza kupima madirisha ya nondo ya nyumba, kama apimaye tundu.

Bi Mwanahawa akamtoa Wifi tunduni, akamweka begani.

"Mwandikie na hili mwenye mnyama," alisema. "Mnyama wake anauma."