Sahani ya Baba Krismasi

Alfajiri ya Krismasi Devota alifungua mlango akaikuta sahani barazani, juu ya kigoda, vilevile mama yake alivyoiacha jana jioni. Chapati mbili, hazijaguswa.

Miaka yote sahani hiyo iliamka tupu. Devota alikuwa darasa la tano alipogundua kwamba Baba Krismasi ana masharubu ya baba yake, tena yana mafuta ya chapati. Mwaka huu baba alizikwa mwezi wa nane. Mama aliiandaa sahani kwa ajili ya Onorata, kitinda mimba wa miaka saba, kisha moyo ukamshinda kula fungu la marehemu. Akajifungia chumbani.

Nyayo ndogo zikasikika ndani. Devota akazikunja chapati zote mbili kwa pamoja, akazishindilia mdomoni zikiwa baridi na ngumu kama kandambili.

“Amekuja?” Onorata aliuliza mlangoni.

“Amekuja, kala, kaondoka,” Devota alijibu, akilisukumia tonge shavuni. “Hata asante hakusema, mlafi yule.”

Onorata hakucheka. Aliiinua sahani, akachungulia na chini ya kigoda.

“Na palipoungua je?”

“Wapi?”

“Baba alikuwa hali palipoungua, dada. Alikuwa anapabakiza hapa pembeni.”

Akairudisha sahani kwenye kigoda taratibu, akaketi sakafuni kando yake. Devota akabaki amesimama, shavu limevimba, na tonge la mwisho mdomoni likiwa chungu kama mkaa.