Papa Cyprien Ajiandikisha Soudure

Katibu wa shule ya ufundi alishika kalamu, akatazama nyuma ya Papa Cyprien. "Mutoto mwenye atasoma soudure iko wapi?"

"Ni miye."

Alikuwa na miaka hamsini na mbili. Kwa miaka ishirini alikuwa amebeba abiria kwa baiskeli yake ya toleka hapa Kisangani, na sasa alitaka kuiuza ili alipie masomo ya mwaka mzima ya kuchomelea vyuma. Mnunuzi alikwisha kupatikana. Aliyekuwa bado hajakubali ni mkewe, na alikuwa amesimama pale pale kando yake.

"Mwaka muzima bila baiskeli," alisema mkewe. "Tutakula nini?"

"Tutakula pondu, majani ya mihogo, bila samaki. Magoti imechoka, mama watoto. Mikono bado."

Mwalimu aliyekuwa akiwasikiliza mlangoni aliingilia kati. Alimwita Papa Cyprien karakanani, akamvika kinyago, akamwekea vipande viwili vya chuma mezani. "Unganisha. Polepole."

Cheche ziliruka. Mkono wa Papa Cyprien, uliozoea kushika usukani kwenye mashimo ya barabara, ulifuata mstari ulionyooka.

Chuma kilipopoa, mwalimu alikipiga nyundo mara tatu. Vipande havikuachana.

Mkewe alikiokota. Alipitisha kidole juu ya mshono, kwenda na kurudi, kama anayekagua kitenge sokoni. Kisha alimgeukia katibu.

"Bon, andika jina yake. Na mulango ya chuma ya kwanza, iko ya nyumba yangu."